Mali iliyolipiwa kabla ya kuonekana: ubishi wa Charlotte juu ya Bryce Young

Mashabiki wa Carolina Panthers, klabu ya futiboli ya Kimarekani yenye makao yake katika jiji la Charlotte, jimbo la North Carolina, wamekuwa wakibishana juu ya mtu mmoja tangu Septemba 2023. Mtu huyo ni Bryce Young. Yeye ni kwotabeki, yaani mchezaji anayepewa mpira kwanza na kuamua, ndani ya sekunde mbili au tatu, aurushe kwa nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe kabla hajaangushwa.

Kinachobishaniwa hakina ugeni kwa mtu yeyote aliyewahi kulipia mahindi yangali shambani. Fedha imekwenda, mzigo umefika, gunia limefunguliwa na punje zimesinyaa. Kosa ni la mbegu, la udongo, au la aliyehifadhi? Na je, mzigo huo utupwe leo ili hasara ijulikane, au ungojewe?

Tuanze na bei, maana hasira yote ya Charlotte ilianzia hapo.

Kila mwaka klabu 32 za ligi ya NFL huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu. Mgawo huo huitwa drafti, na klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo hupewa zamu ya kwanza. Zamu zenyewe ni mali: huuzwa, hununuliwa, na hata zamu za miaka ijayo huwekwa mezani. Machi 2023 Panthers walikuwa na zamu ya 9, na zamu ya kwanza ilikuwa mikononi mwa Chicago Bears. Ili kuinunua, Panthers walitoa zamu yao ya 9, zamu ya 61 ya mwaka huohuo, zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2024 na zamu ya raundi ya pili ya 2025. Juu ya hayo wakamtoa DJ Moore, mpokeaji wao bora wa pasi. Kwa lugha ya mpakani, walilipa taslimu, wakaandika deni la mavuno mawili yajayo, kisha wakamwachia muuzaji lori lililokuwa libebe mzigo wenyewe.

Aprili wakamchagua Young. Sifa zake zilijulikana nchi nzima. Mwaka 2021, akiwa Chuo Kikuu cha Alabama, alirusha pasi za yadi 4,872 na kuzaa tachidauni 47, akatwaa tuzo ya Heisman, ambayo hakuna kwotabeki wa Alabama aliyewahi kuipata kabla yake. Dosari yake nayo ilijulikana. Alipopimwa kabla ya drafti alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 10, sawa na sentimeta 178, na uzito usiozidi kilo 93. Mtaani kwetu huyo ni mtu wa kawaida kabisa. Katika kazi ya kutazama juu ya vichwa vya majitu ya kilo 140, ni mfupi.

Kuna hesabu nyingine inayofanya klabu kumkimbilia kwotabeki kijana. Mkataba wa mchezaji mpya hupangwa na kanuni za ligi. Wa Young ulikuwa wa miaka minne kwa dola milioni 38 hivi, zote zikiwa za uhakika. Septemba ya mwaka huohuo kwotabeki mzoefu wa Cincinnati, Joe Burrow, alisaini mkataba wa dola milioni 55 kwa mwaka mmoja. Kwa kuwa kila klabu ilikuwa na kikomo cha dola milioni 224.8 za mishahara msimu huo, mwenye kwotabeki mzuri wa bei ya mwanagenzi hubakiwa na fedha nyingi za kununulia wengine. Lakini faida hiyo ina saa inayopiga. Miaka minne ikiisha bila kwotabeki kukomaa, mtaji umeliwa.

Msimu ulioharibika

Mchezo ni mgumu kuufuata kwa mara ya kwanza, ingawa msingi wake ni mwepesi: timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifaulu hupewa mengine manne, isipofaulu huachia mpira. Nyuma ya kila jaribio kuna watu watano wanene wanaosimama mbele ya kwotabeki kumkinga. Hao huitwa ukuta. Ukuta ukibomoka, kwotabeki huangushwa chini na timu hurudi nyuma.

Young aliangushwa mara 62 katika msimu wake wa kwanza. Alianza mechi 16, akashinda 2 na kupoteza 14. Alirusha yadi 2,877, akazaa tachidauni 11, na pasi zake 10 zikanaswa na wapinzani. Ushindi wa kwanza ulikuja Oktoba 29, 15 kwa 13, kwa teke la dakika ya mwisho. Wa pili ulikuja Desemba 17 dhidi ya Atlanta Falcons, 9 kwa 7, katika mvua. Mechi mbili za kufungia msimu Panthers hawakupata hata pointi moja: 26 kwa 0, kisha 9 kwa 0.

Kocha Frank Reich, ambaye mwaka 1995 ndiye aliyekuwa kwotabeki wa kwanza kuanza mechi katika historia ya klabu hiyo, alifukuzwa baada ya mechi 11 tu. Kabla ya hapo alikuwa amempa msaidizi wake kazi ya kuita mipango ya mashambulizi, kisha akaichukua tena. Siku ya mwisho ya mwaka, mmiliki David Tepper, bilionea wa fedha za uwekezaji, alionekana kwenye video akimwagia kinywaji mashabiki wa Jacksonville. Ligi ilimtoza faini ya dola 300,000.

Hesabu iliyouma kuliko zote ilikuja baadaye kidogo. Panthers walimaliza na ushindi 2 na vipigo 15, wakiwa wa mwisho katika ligi nzima. Wa mwisho hupewa zamu ya kwanza ya drafti. Lakini zamu hiyo walikwisha kuiuza. Bears waliichukua na kumchagua kwotabeki Caleb Williams. DJ Moore naye, huko Chicago, alikuwa amemaliza msimu na yadi 1,364, nyingi kuliko za msimu wake wowote wa Charlotte.

Kambi mbili

Hapo mashabiki wakagawanyika, na mgawanyiko huo haukuwa wa kelele tupu. Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Wa kwanza walisema wamenunua mali mbovu. Kijana ni mfupi, walisema, na ufupi haufundishiki. Anachelewa kuachia mpira. Anaogopa kupigwa kabla hajapigwa. Mkono wake hauna nguvu ya kupeleka pasi ndefu kule pembeni. Na kila walipotaka kufunga mjadala walitaja jina moja: C.J. Stroud.

Stroud ndiye aliyechaguliwa wa pili, mara tu baada ya Young, na Houston Texans. Msimu huohuo wa kwanza alirusha yadi 4,108, tachidauni 23, na ni pasi 5 tu zilizonaswa. Alipewa tuzo ya mchezaji bora mpya wa mashambulizi, akaiongoza Houston kuchukua ubingwa wa kanda yake na kushinda mechi ya mchujo. Panthers walikuwa na haki ya kumchagua yeyote kati ya hao wawili. Walimwacha huyo. Hakuna kinachomtesa mnunuzi kama kuona gunia alilolikataa linauzwa kwa faida kibanda cha pili. Na jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba ule ushindi wa kwanza wa Panthers, 15 kwa 13, waliupata dhidi ya Stroud huyohuyo. Ulikuwa faraja ya wiki moja.

Kambi ya pili haikukanusha namba. Ilisema namba hizo si za mtu mmoja. Ukuta ulibomoka mapema: walinzi wa katikati waliumia, na nafasi zao zikazibwa kwa viraka, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Mpokeaji aliyetegemewa zaidi alikuwa Adam Thielen mwenye umri wa miaka 33, ambaye hata hivyo alidaka pasi 103. Mpango wa mashambulizi ulibadilishwa mikono mara mbili katika wiki chache. Je, kwotabeki gani angeng'ara hapo?

Na kambi hii ilikuwa na ushahidi kutoka ghalani mwa Panthers wenyewe. Mwaka 2021 walimleta Sam Darnold, kwotabeki aliyeshindwa New York, na Charlotte akashindwa tena. Mwaka 2022 wakamleta Baker Mayfield, naye aliyekuwa wa kwanza katika drafti yake, wakamwachia kabla msimu haujaisha. Mwaka mmoja baadaye Mayfield aliipa Tampa Bay ubingwa wa kanda ileile ambayo Panthers wanacheza. Msimu wa 2024 Darnold alishinda mechi 14 akiwa na Minnesota. Mali mbili zilizotupwa Charlotte kama taka zikauzwa kwingine kama mpya. Hoja hiyo ni nzito kuliko hoja ya sentimeta. Watu wafupi wamewahi kufaulu katika kazi hii: Drew Brees na Russell Wilson wote wawili wametwaa Super Bowl, na hakuna kati yao aliye mrefu.

Mifano ya waliopita ndiyo iliyotumiwa zaidi, na kila upande ulichagua iliyoufaa. Peyton Manning, katika mwaka wake wa kwanza 1998, alinaswa pasi 28, idadi ambayo hakuna mwanagenzi aliyewahi kuifikia hadi leo, na Indianapolis ikashinda mechi 3 na kupoteza 13. Mwaka uliofuata hesabu ikageuka: ushindi 13, vipigo 3. Troy Aikman alianza mechi 11 mwaka 1989 akapoteza zote, kisha akatwaa Super Bowl tatu na Dallas. Wenye subira huishia hapo. Wasio na subira humtaja Ryan Leaf, aliyechaguliwa wa pili nyuma ya Manning mwaka uleule wa 1998, na ambaye kabla ya drafti watu walibishana kwa dhati kama si yeye aliye bora. Leaf alianza kwa tachidauni 2 na pasi 15 zilizonaswa, na hakuinuka tena.

Lakini mifano miwili inafanana na ya Young zaidi ya hiyo. Mwaka 2002 Houston Texans, klabu mpya wakati huo, ilimchagua David Carr wa kwanza na kumweka nyuma ya ukuta wa makaratasi. Aliangushwa mara 76, rekodi ambayo bado ipo. Hakuwa kwotabeki aliyetarajiwa, na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama hakuwa na kipaji au kilikandamizwa. Mfano wa pili ni Jared Goff. Alipoteza mechi zote 7 alizoanza mwaka 2016 akiwa na Rams. Kocha akafukuzwa, akaletwa Sean McVay mwenye miaka 30, na mwaka uliofuata timu ikashinda mechi 11. Baada ya misimu miwili Goff alikuwa Super Bowl. Mtu yuleyule, mkono uleule.

Kwa mfanyabiashara anayesoma haya, tofauti kati ya Carr na Goff ndiyo yenye manufaa. Goff alibadilishiwa mazingira kabla woga haujaingia mwilini. Carr aliachwa apigwe.

Klabu yajibu kwa fedha

Machi 2024 Panthers walitoa jibu lao, na hawakulitoa kwa maneno. Walimnunua Robert Hunt, mlinzi wa ukuta, kwa mkataba wa hadi dola milioni 100 wa miaka mitano, na Damien Lewis, mlinzi mwingine, kwa hadi dola milioni 53 wa miaka minne. Anayeamini mali yake ni mbovu hatumii kiasi hicho kuijengea ghala. Wakamleta pia kocha mpya, Dave Canales, aliyekuwa karibu na Geno Smith alipofufuka Seattle mwaka 2022, na karibu na Mayfield alipofufuka Tampa Bay mwaka 2023.

Mechi mbili baadaye mpango wote ulionekana kuporomoka. Panthers walipigwa 47 kwa 10 huko New Orleans, kisha 26 kwa 3 nyumbani, mechi ambayo Young alirusha yadi 84 tu. Canales akamweka benchi na kumwita Andy Dalton, mzee wa kazi. Jumapili iliyofuata Dalton alirusha yadi 319 na tachidauni 3 huko Las Vegas, Panthers wakashinda 36 kwa 22. Ukuta uleule, wapokeaji walewale.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote kwa watetezi wa Young. Hoja yao kubwa, kwamba hakuna angeweza, ilivunjwa mchana kweupe na mtu wa miaka 36. Wengi waliotetea walinyamaza, na wengine wakaanza kuuliza angeuzwa kwa bei gani.

Kilichomrudisha uwanjani hakikupangwa na mtu. Oktoba 2024 Dalton aliumia kidole gumba katika ajali ya gari, na Young akaitwa tena kwa mechi ya Denver. Walipoteza. Wiki iliyofuata wakaifunga New Orleans 23 kwa 22. Kisha Novemba 10, mjini Munich, Ujerumani, wakaifunga New York Giants 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza. Waliomtazama waliona tofauti ndogo: mpira ulikuwa unatoka mkononi mapema, na miguu ilikuwa haitetemeki. Januari 5, 2025, katika mechi ya mwisho ya msimu huko Atlanta, alirusha tachidauni 3 na kukimbia nyingine 2, Panthers wakashinda 44 kwa 38 katika muda wa nyongeza. Mashabiki waliokuwa wamehesabu ada ya kumwondoa wakaanza kuhesabu upya.

Mechi hizi huchezwa Jumapili saa saba mchana kwa Charlotte, ambayo ni saa mbili au saa tatu usiku kwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, kutegemea Wamarekani wamesogeza saa zao au la. Kwa hiyo zinaangukia muda ambao wengi wa ukanda huu wako kwenye ligi ya Uingereza. Hata hivyo si mchezo usio na mguu wetu kabisa. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo, mcheza raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwa amewahi kucheza futiboli ya aina hiyo. Kazi yake haikudumu, lakini naye alikuwa mali iliyochukuliwa kwa kipaji kilichoonekana kwenye soko jingine.

Ubishi wahamia kwenye bei

Msimu wa 2025 haukuwapa ushindi wazi wa kambi yoyote. Novemba 16, tena Atlanta, Young alirusha yadi 448, akaivunja rekodi ya klabu ya Cam Newton ya yadi 432 iliyowekwa mwaka 2011, na Panthers wakashinda 30 kwa 27 katika muda wa nyongeza. Wiki nyingine alionekana kama yule wa 2023. Timu ilimaliza na ushindi 8 na vipigo 9, na kwa kuwa kanda yao nzima ilikuwa dhaifu, hesabu hiyo ilitosha kuwapa ubingwa wa kanda na mechi ya mchujo ya kwanza tangu msimu wa 2017. Wakacheza nyumbani dhidi ya Los Angeles Rams, wakaongoza dakika za mwisho, wakapoteza 34 kwa 31.

Wanaomkubali huitaja Atlanta na ile mechi ya Rams. Wanaomkataa hutaja kwamba bingwa mwenye vipigo vingi kuliko ushindi ni bingwa wa kanda mbovu, na kwamba Houston walipata mchujo na Stroud mwaka wa kwanza, si wa tatu. Hoja zote mbili ni za kweli.

Kilichobadilika ni swali. Mwaka 2023 waliuliza kama Young anaweza kuicheza ligi hii. Hilo halina wengi wanaoliuliza tena. Sasa wanauliza kama ana thamani ya mshahara wa makwotabeki wakubwa, kwa sababu ile saa ya miaka minne inakaribia kugonga. Kanuni za ligi zinairuhusu klabu kuongeza mwaka wa tano kwa mchezaji wa raundi ya kwanza, kwa dola nyingi zaidi ya alizokuwa akilipwa, na uamuzi hutakiwa kabla ya msimu wake wa nne kuanza. Baada ya hapo bei ya mwanagenzi haipo tena, na mnunuzi yuleyule aliyelipa kabla ya kuona mali atatakiwa kulipa mara ya pili, safari hii akiwa ameiona.